Orodha ya Ukutani

Mwaka ule Warundi walipokuwa wakivuka mpaka kwa maelfu kukimbia vita, Elinipa alikuwa Katubuka akikagua msimbo wa programu alioandika Khalfani, fundi mwenzake wa kompyuta aliyekuwa Ujiji. Uliongeza jambo dogo kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta: programu ikifungua faili, jina la faili na mahali lilipo vionekane kwa kila mtumiaji. Msimbo ulikuwa safi, na Elinipa hakuupenda.

“Dada, ni taarifa tu,” Khalfani alisema kwenye simu. “Zinarahisisha kutafuta hitilafu.”

“Zinamrahisishia nani?”

Asubuhi ile alikuwa amepita kituo cha mapokezi. Ukutani palikuwa pamebandikwa orodha aliyoichapa Khalfani, majina ya wakimbizi na vijiji walikotoka, ili ndugu wapate kuonana. Mwanamke mmoja alikuwa akikwangua jina lake kwa ukucha, taratibu, bila kumtazama mtu.

Elinipa akaukataa msimbo, akaandika chini yake: “Asome mwenye programu peke yake. Na ile orodha ya kituoni kaibandue leo; wanaowawinda nao wanasoma.”

Khalfani alifika kituoni jioni, akakuta karatasi imejaa matundu. Jina moja tu halikuguswa, pale chini kabisa: Imeandaliwa na Khalfani Zubery.