Mtani wa Mwinjuma

Mwinjuma alikosea mtu wa kumwambia. Angemwambia shehe, au kaka yake kule Matombo, pengine mambo yangekuwa mengine. Yeye akamwendea Sufiani, mtani wake, kwa hesabu kwamba mbele ya mtani hakuna aibu.

Kwa Waluguru kila ukoo una watani wake, na mtani ana ruhusa. Atakutukana, atakuchukulia kuku, atakucheka hata msibani kwako, na ukinuna wewe ndiye mwenye kasoro. Hawa wawili walikuwa wakitaniana hivyo tangu hawajaota ndevu.

Siku ya gulio pale Mlali akamkuta kwenye benchi la muuza kahawa, akamvuta pembeni. "Sufi, mke wangu Mosi ananipiga. Juzi kanimwagia uji wa moto." Akapandisha kidogo mkono wa shati. Maneno hayo yalikuwa yamemkaa kooni miaka.

Sufiani akaangua kicheko. Mlitaka afanye nini? Maisha yake yote neno la Mwinjuma alilipokea kwa kicheko. Akageukia benchi. "Jamani, njooni mumwone mwali wetu. Kaolewa huko ukweni, sasa anachapwa!"

Watu wazima na ndevu zao, hovyo kabisa, wakacheka mpaka kahawa ikawamwagikia. Mwinjuma naye akacheka, maana mtani hanuniwi. Kisha akanunua dagaa wake akashika njia ya nyumbani, na moyo ulimuuma kuliko ule mkono.

Nyumba yenyewe ilikuwa kwenye shamba la ukoo wa mke, kama desturi yao ilivyo. Kuondoka angeweza. Lakini binti yao, Sabra, ni wa ukoo wa mama, angebaki kwa wajomba zake. Hicho ndicho kilichomfunga pale, wala si kingine.

Habari za gulioni zilimtangulia. Alimkuta Mosi anatwanga.

"Nasikia leo mmenicheka sana," Mosi akasema kwa upole, na Mwinjuma upole ule aliujua. Mchi ukampata begani, kisha tayani. Sabra alikuwa kwa bibi yake, na baba mtu akamshukuru Mungu kwa hilo tu.

Asubuhi Sufiani akapita na utani mwingine mdomoni, wa uji. Akamkuta mwenzake amejikunyata nyuma ya banda la kuku, uso umevimba, mdomo haufungi. Utani ukamwisha palepale. Akaita bodaboda, wakapanda mshikaki, Mwinjuma katikati, mpaka zahanati.

Nesi alikuwa binti wa hapohapo, aliyewajua wote wawili. "Shikamooni. Baba, umepatwa na nini?"

"Kapigwa na mkewe," Sufiani akasema.

Nesi akacheka. "Nyie watani nanyi, hata kwenye ugonjwa?"

"Kapigwa, mwanangu. Kwa mchi."

Nesi akazidi kucheka huku akitafuta pamba. Basi Sufiani, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia, akalia mbele ya watu. Nesi akaiweka pamba chini. Akafunga mlango, akavuta kiti karibu na Mwinjuma.

"Baba, ni kweli? Niambie mwenyewe. Wapo watu wa kukusaidia, nitawapigia simu sasa hivi."

Hicho ndicho alichokisubiri miaka yote, mtu mmoja amuulize bila kucheka. Neno lenyewe lilikuwa ndiyo, basi. Lakini dirisha lilikuwa wazi, na nje wagonjwa walikuwa wamejaa kwenye benchi, masikio wameyatega, na mmoja wao alikwishaanza kutabasamu.

Mwinjuma akajilazimisha kucheka. Taya likamkata, machozi yakamtiririka.

"Usimsikilize huyu," akamwambia nesi. "Ananitania tu."