Ijumaa Iliyobaki Ndani ya Kamera

Mimi na kompyuta hatupatani. Lakini kanisa letu la kijiji cha Lotofaga linatimiza miaka mia moja, mchungaji anataka picha za mashemasi wote waliotutangulia, na kaka yangu Tanielu alikuwa shemasi miaka ishirini na miwili. Kikaoni kila mtu akanigeukia mimi. Kamera yake ninayo mimi, ndani ya kopo la biskuti, tangu wiki tuliyomzika, na hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake mpaka walipokuwa na shida.

Nikamwita jirani yangu Penina, mwalimu wa shule ya msingi, aje na kompyuta yake. Alikuja baada ya chakula cha mchana, wakati ule ambao kijiji kizima kimejilaza na hata mbwa hawana hamu ya kubweka. Nyumba yetu ni nguzo na paa tu, na manyunyu yalikuwa yakipita uwanjani bila haraka. Tuliketi mkekani, kompyuta juu ya kigoda, macho yangu mazito kwa usingizi.

"Bi Losa, hii kadi ni kongwe kuliko wanafunzi wangu," Penina alisema, akiichomoa tumboni mwa kamera kwa ukucha.

"Na wanafunzi wako wana adabu kuliko wewe. Endelea."

Akacheka. Akaipuliza kadi, akaichomeka ubavuni mwa kompyuta, akabofya hapa na pale. "Itazihamisha yenyewe," alisema. "Inasoma tarehe ya kila picha, halafu kila siku inaiwekea folda yake. Kazi yetu sisi ni kutazama tu."

Kutazama tu! Picha zilianza kudondoka kwenye kioo moja moja. Tanielu alikuwa akipiga picha kila kitu. Kuku juu ya paa la jiko. Shelisheli lililopasuka. Miguu yangu. Bahari, siku ambayo haina chochote ndani yake. Sufuria ya kakao ikitoa mvuke. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba tuliwahi kuwa na nguruwe mwenye sikio moja, na sasa alikuwa ananitazama. Zilikuja polepole, zikazama kwenye folda zao, zikaja nyingine, nami sikujua tena kama niko macho au nimesinzia. Nilisikia kabisa kikohozi cha kaka yangu nyuma ya nguzo.

Kamera ile Tanielu alinunuliwa na Vaosa, binti yake wa pekee, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha samaki kule Pago Pago, kisiwa cha jirani chenye serikali nyingine. Na hapa inabidi niseme jambo ambalo silipendi.

Mwaka 2011 serikali yetu iliamua kutuhamishia upande wa pili wa mstari wa tarehe, ule unaotenganisha leo na jana katikati ya bahari, ili siku zetu zilingane na za Auckland na Sydney. Tulilala Alhamisi, tarehe ishirini na tisa Desemba, tukaamka Jumamosi, tarehe thelathini na moja. Ijumaa ikafutwa. Pago Pago, mwendo wa nusu saa tu kwa ndege, wao walibaki na Ijumaa yao, siku ile ile iliyokuwa Jumamosi kwetu. Tanielu alikuwa mgonjwa wa moyo, na Vaosa alikuwa amemwahidi kwa simu: "Baba, nakuja Ijumaa." Mimi nikapiga hesabu zangu: Ijumaa haipo, basi atakuja Alhamisi. Nikapika, nikatandika mikeka mizuri, nikangoja mpaka giza. Hakuja. Jumamosi saa nne asubuhi kaka yangu akafia kitini, na Vaosa akafika saa tisa alasiri na mizigo ya zawadi.

"Nilisema Ijumaa!" alilia mbele ya maiti, tiketi mkononi. "Leo si ndiyo Ijumaa?"

"Huku hakuna Ijumaa," nilimjibu, watu wote wanasikia. "Baba yako amekufa akijua umemtupa."

Kwetu neno la dada wa baba si neno la kupita. Likitoka, linamkaa mtoto wa kaka mwilini. Vaosa alizika, akaondoka, hajarudi tena, na sasa ni miaka kumi na mitatu. Mara nyingine nikifua nguo nilijiuliza kama nilimwonea yule mtoto, maana Tanielu mwenyewe hakuna aliyejua aliihesabuje siku ile. Halafu nikazidi kufikicha nguo.

"Heh!" Penina aliketi wima. "Bi Losa, njoo uone vituko. Folda ya tarehe thelathini Desemba, 2011."

"Siku hiyo haikuwepo."

"Si ndiyo nakwambia! Ina picha tisa." Alicheka mpaka akafuta macho. "Shemasi hakurekebisha saa ya kamera. Hizi ni za tarehe thelathini na moja. Ngoja nizihamishie huko, hii folda niifute, mambo yakae sawa."

"Haya, futa," nilisema, nikipiga miayo.

Kidole chake kilikuwa kinashuka nilipoiona picha ya kwanza. Nilimdaka mkono kwa nguvu hata akapiga ukelele.

Ilikuwa kalenda ya kanisa, iliyokuwa ikining'inia kwenye nguzo ya mbele. Ilichapwa kabla serikali haijaamua, kwa hiyo Ijumaa ilikuwamo, na juu yake mstari mwekundu niliouchora mimi mwenyewe kuikata. Kando ya mstari kulikuwa na jina kwa penseli, mwandiko wa kutetemeka: Vaosa. Na kidole cha Tanielu kimegusa hapo hapo. Ilipigwa saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi.

"Fungua nyingine," nilisema.

Uso wake kwenye kioo cha kunyolea, povu shavuni. Shati lake jeupe la ibada, limetandazwa mkekani. Barabara. Barabara, na basi la kutoka mjini Apia likipita bila kusimama. Barabara na mvua. Mvua ile ilikuwa inanyesha mle ndani, na hii nyingine inanyesha uwanjani, na kwa muda sikuweza kuzitenganisha. Niliona kwamba nikigeuza shingo tu nitaikuta asubuhi ile bado iko pale, haikuchukuliwa na serikali wala na mtu yeyote, inaendelea na mambo yake. Sikugeuza shingo. Barabara tena.

Kisha yeye mwenyewe. Amekaa kitini karibu na nguzo, amenyoa, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingo, uso wote unacheka. Kwenye kona ya picha kuna kidole kinene kimeziba. Kidole hicho ni changu.

Nilikumbuka. Aliniita nikiwa namenya magimbi. "Dada, njoo unipige moja," alisema. "Leo nina mgeni." Mimi nilijua ni maradhi yanamchanganya, kwa sababu mgeni nilikwisha kumngoja jana yake na hakuja. Nikabonyeza huku nimenuna, nikarudi kwenye magimbi yangu. Sikumwuliza ni mgeni gani.

Picha ya tisa ilikuwa barabara, tupu, mvua imekatika. Saa tatu na dakika hamsini.

"Nionyeshe ya Alhamisi," nilimwambia Penina.

Folda ya Alhamisi ilikuwa na picha nne. Nguruwe. Nguruwe. Kikombe. Na mimi kwa mgongo, nimesimama barabarani nimeshika kiuno, nangoja. Yeye alikuwa ndani, kwenye kivuli, anapiga picha za nguruwe. Hakuwa anangoja mtu siku ile. Aliijua siku ya mwanawe, na kuniambia hakuniambia, labda aliona raha kunitazama nikikosea, ndivyo alivyokuwa.

Nikalia. Wala si kilio cha heshima, nililia kwa sauti mpaka watu wa nyumba ya pili wakainua vichwa. Penina akaniwekea mkono begani. Baadaye akauliza kwa upole, "Sasa hizi tisa nizihamishe?"

"Ukiigusa folda hiyo nitakukata mkono. Nipe simu."

Namba ya Vaosa ninayo siku zote, sijawahi kuipiga. Iliita muda mrefu.

"Shangazi?" Sauti ilikuwa ya mtu mzima, na ya woga. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nyamaza unisikilize, kabla ulimi wangu haujanigeuka."

Nikamweleza. Kalenda, povu, shati, barabara mara tano. Nikamweleza na habari ya magimbi, ingawa hiyo ningeweza kuificha. "Neno nililokutupia siku ile lilikuwa la uongo," nilisema. "Nalirudisha kinywani mwangu. Nisamehe, mwanangu." Sijawahi maishani kumwomba msamaha mtoto wa kaka yangu.

Nilisikia mashine za kiwanda nyuma yake, na pumzi zake karibu kabisa na sikio langu.

"Anacheka?" aliuliza mwishowe. "Kwenye hiyo picha?"

"Anacheka mpaka magego yanaonekana."

"Basi alijua nakuja."

"Alijua," nilisema. "Ni mimi tu niliyekuwa sijui."