Mguu wa Akiba

Katika nyumba ile neno mguu lilikuwa na kazi nyingi kuliko miguu yenyewe. Kulikuwa na mguu wa kushoto, ambao mama mwenye nyumba alizaliwa nao. Kulikuwa na mguu wa kulia, wa bandia, mwepesi, aliouvaa kila asubuhi kabla hata ya kupiga mswaki. Kulikuwa na mguu wa zamani, ule wa kwanza aliopewa hospitali, mzito kama kinu, ambao sasa ulikaa nyuma ya kabati ukiwa bado umevaa kiatu. Tena kulikuwa na mguu wa cherehani, kile kichuma kidogo chenye vidole viwili kinachokanyaga kitambaa chini ya sindano. Watoto wa nyumba ile walikua wakijua kwamba ukitumwa mguu, kwanza unauliza ni upi.

Baba yao alikuwa mwokaji mikate. Alirudi asubuhi akinukia hamira, nyusi zimejaa unga, akalala wakati wenzake wanakwenda kazini. Mkewe alikuwa fundi wa nguo, na kila mtu, mume akiwa mmojawapo, alimwita Fundi tu, kana kwamba mafundi wengine wote mjini ni wanafunzi wake. Na tuseme ukweli, baadhi yao walikuwa.

Mwokaji alimvulia kofia mkewe kwa mengi. Tangu ajali ile ya barabarani iliyomnyang'anya mguu wa kulia, mwanamke huyu hakukaa kusubiri dunia imwonee huruma. Suruali zake zote alizifumua upande wa kulia akazitia zipu ndefu, ili akitaka kurekebisha mikanda ya mguu asilazimike kujifungia chumbani. Viatu alinunua kwa kimo cha kisigino, si kwa rangi, maana mguu wa bandia umepangwa kwa kimo kimoja, na kisigino kikizidi unamsukuma mtu mbele kama anayeitwa na mkubwa. Jioni, akishauvua na kushika magongo yake mawili, hakuna aliyembebea chai. Aliimimina kwenye chupa yenye mfuniko, akaitundika shingoni kwa mkanda alioushona mwenyewe, akaenda nayo mpaka sebuleni, kikombe kikimngoja huko. Kwa wageni wenye nyuso za matanga alikuwa na jibu lake: mguu huu, aliwaambia, hauumwi na mbu na haujui baridi, mnaoteseka ni nyinyi.

Lakini mwokaji alikuwa na jambo lake, na lazima lisemwe. Kila asubuhi Fundi alipoketi ukingoni mwa kitanda na kioo chake kidogo, akikagua kigutu kama kuna pekundu au palipochubuka, kisha akakivisha soksi na kukiingiza kwenye mguu, mumewe alikumbuka ghafla kwamba jikoni kuna bomba linavuja. Bomba lile lilivuja kila siku, mwaka nenda mwaka rudi. Alijiambia ni heshima, anampa mkewe nafasi. Haikuwa heshima, ilikuwa woga mtupu. Mguu wa nyuma ya kabati nao hakuwahi kuugusa tangu siku waliporudi nao kutoka hospitali. Akifagia chumba, aliuzunguka.

Fundi aliona yote hayo, akaendelea kufunga mikanda yake.

Alikuwa na shida nyingine kubwa zaidi. Kabla ya ajali alikuwa na nafasi yake katika karakana ya ushonaji, kwenye cherehani ya kukanyaga iliyokuwa dirishani. Aliporudi na mguu mpya, mwenye karakana alimpokea kwa machozi na kumbatio, kisha akamketisha kwenye meza ya vifungo. Mama huyo walimwita Bibi Pindo, kwa sababu hakuna nguo iliyotoka mlangoni kwake kabla hajaigeuza na kupitisha ukucha kwenye pindo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amemshuhudia Fundi akianguka kwenye ngazi katika wiki zile za magongo, na picha hiyo haikumtoka. Alimpenda Fundi, na kwa kumpenda huko akamnyima kazi yake.

Fundi alishona vifungo kwa adabu, lakini kila mapumziko alihamia dirishani kujifundisha upya. Mguu wa bandia hauhisi kanyagio, haujui kama limeshuka au limepanda. Basi akaupumzisha pembeni kama mgeni, akauachia mguu wa kushoto kazi ya miwili, kisigino kikishusha na vidole vikirudisha, na kwa mkono akaligusa gurudumu kila mashine ilipotaka kurudi kinyumenyume. Mwanzoni ilikata nyuzi ovyo. Baadaye ikaanza kwenda mwendo mmoja, bila kusita, na wenzake wakawa wanaacha chakula kumtazama. Mwishowe Bibi Pindo akasema, shingo upande, kwamba kulikuwa na koti lenye bitana, koti la harusi, na mwenyewe angelifuata alasiri ya siku fulani. Fundi alishone peke yake kwenye mashine ya dirishani, kuanzia mkasi hadi pindo. Likitoka sawa na kwa wakati, mashine ni yake. Lisipotoka, basi ni vifungo, na habari ya mashine isirudiwe tena.

Siku hiyo ilipofika, Fundi aliondoka nyumbani akipiga mluzi. Mwokaji alirudi kutoka kazini, akala, akalala na simu karibu na sikio, roho juu kama ndiye atakayeshona.

Simu ilimkurupua usingizini. Nyuma ya sauti ya mkewe cherehani zilikuwa zikinguruma na wanawake wakizungumza kwa pamoja.

"Mguu umevunjika," Fundi alisema. "Niletee wa akiba. Umo ndani ya mguu. Fanya haraka, baba watoto, muda unakwisha."

Kabla hajajibu, simu ilikatika. Alipopiga haikupokelewa. Mwokaji akakaa kitandani. Mguu umevunjika. Alimwona mkewe ameanguka katikati ya karakana, koti halijaisha, Bibi Pindo akitikisa kichwa. Maneno yale ya mguu ndani ya mguu hakuyaelewa, akaona ni ya mtu aliyeanguka vibaya, maumivu yanamchanganya. Neno la wa akiba alilielewa sana. Katika nyumba nzima mguu wa akiba ulikuwa mmoja.

Alisimama mbele ya ule mguu nyuma ya kabati kwa kitambo. Yeye aliyewafundisha watoto wake kuuliza kwanza, "mguu upi?", siku hiyo hakujiuliza. Akapiga moyo konde, akaukamata kwa mikono miwili kama anayeshika mtoto wa watu, akauviringisha katika gunia tupu la unga na kutoka nao mbio. Gunia lilikuwa fupi. Kiatu kilichungulia nje.

Mwenye pikipiki aliyemsimamisha alikitazama kile kiatu, akamtazama mwokaji, fulana yake kaivaa ndani nje, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama mwenyewe bado yu hai.

"Yu hai, na ananisubiri," mwokaji alijibu. "Twende."

Walikwenda. Kila waliposimama kwenye taa watu walisogea kando, na mama mmoja alimfunika mwanawe macho kwa kitenge. Mlinzi wa jengo la karakana naye alitaka gunia lifunguliwe. Lilipofunguliwa aliruka nyuma, na mwokaji akapata nafasi ya kupita. Akazipanda ngazi zile mguu mosi mguu pili, akitweta, na kwa mara ya kwanza akawaza kwamba mkewe huzipanda ngazi hizihizi kila siku, wa kushoto ukitangulia na wa kulia ukifuata, na akifika juu huanza kazi. Yeye, mwenye miguu yake yote miwili, alifika juu akishika ukuta.

Fundi alikuwa amesimama dirishani, wima, mzima, suruali imenyooka, kiatu kiko pale kinapotakiwa kuwa. Mezani lilikuwa koti, mikono imeshapachikwa, bitana imebanwa kwa pini, pindo bado. Katika kiganja alishika kile kichuma cha vidole viwili. Kidole kimoja kilikuwa kimekatika. Miguu ya mashine nyingine pale ilikuwa ya umbo jingine na haikukubali kukaa kwenye hii kongwe ya dirishani.

Mwokaji alielewa papo hapo. Alisimama katikati ya wanawake wale na gunia lake mikononi, akatamani sakafu ifunguke. Unga wa mke wangu umemwagika, aliwaza, na aliyeumwaga ni mimi. Hapakuwa na muda wa kwenda nyumbani na kurudi.

"Nimeleta mguu mwingine," alisema. "Nisamehe, Fundi. Nimeleta mguu siyo."

Fundi alikuwa anautazama ule mguu, kisha mikono ya mumewe iliyoukumbatia kifuani, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho mwokaji hakukijua.

"Umeushika mwenyewe?" aliuliza. "Hukumtuma mtoto?"

"Watoto wako shule."

"Hebu ulete hapa."

Akaupokea, akauegemeza kwenye meza, akaingiza mkono mzima ndani, pale ambapo zamani kigutu kiliingia. Akatoa soksi kuukuu iliyofungwa fundo. Akalifungua fundo. Sindano zikatoka, na bobini zenye uzi, na gurudumu dogo la kuchorea mistari, na mwisho, ukiwa umefungwa katika kipande cha flana, mguu wa cherehani, mpya, unang'aa.

Sasa mwokaji akakumbuka. Kitinda mimba wao alipenda vitu vinavyong'aa, na mguu wa akiba wa kwanza uliokotwa kwenye mtaro. Fundi akanunua mwingine, akasema ameuficha mahali ambapo hakuna mkono wa mtu wa nyumba ile unaofika. Mwokaji alimtania siku hiyo, kwamba labda ni juu ya paa. Mkewe alicheka, akaendelea na shughuli zake.

"Nilisema umo ndani ya mguu," Fundi alisema. Hapo ndipo karakana yote ilipovunjika mbavu, na Bibi Pindo mwenyewe akakaa chini na kufuta macho kwa utepe wa kupimia.

Fundi hakucheka muda mrefu. Aliufunga ule mguu mdogo kwa bisibisi, akashusha, akaketi. Mwokaji alikuwa hajawahi kumwona akifanya kazi tangu ajali. Alisimama ukutani na gunia lake, akaangalia. Mguu wa kushoto ulikanyaga, kisigino na vidole, kisigino na vidole, wa kulia umetulia pembeni, mkono wa kuume ukiligusa gurudumu mara mojamoja, wa kushoto ukiongoza kitambaa. Mashine iliimba. Mshono ulitoka nyuma ya sindano umenyooka, na mwokaji akaona fahari, akaona aibu pia, maana kulikuwa na watu wengi waliokuwa wakikijua kitu hiki kabla yake yeye mume.

Mwenye koti alipofika, koti lilikuwa limeshapigwa pasi. Bibi Pindo alilichukua kwanza. Akaligeuza ndani nje, akaivuta bitana, akapitisha ukucha kwenye pindo taratibu, kutoka upande huu hadi upande ule, kisha akarudia.

"Kapu la vifungo mpe mwingine kesho," alimwambia Fundi. Akalikunja koti, akaenda kumpa mwenyewe.

Fundi aliinamisha kichwa juu ya mashine yake kidogo. Alipokiinua, macho yalikuwa yamelowa, na midomo ilikuwa imebanwa kwa kitu kingine, maumivu.

"Baba watoto," alisema, "kigutu kimechubuka. Tangu asubuhi sijakipumzisha. Nisaidie kuuvua."

Wanawake wale wakageukia kazi zao. Mwokaji akatazama huku na huku kwa mazoea. Karakana ile haikuwa na jiko, wala hapakuwa na bomba la kuvuja. Akapiga magoti.

"Sijui pa kuanzia."

"Anza na zipu."

Akafungua zipu, akalegeza mikanda, akavuta kama alivyoelekezwa, taratibu, mkono mmoja nyuma ya goti. Mguu ukatoka. Akaiviringisha soksi chini. Kigutu kilikuwa na kovu lililopinda, na pembeni mwake pekundu kidogo palipochubuka. Kilikuwa laini na chenye joto, kama donge la unga lililokwisha kuumuka. Mikono yake ilijua kushika kitu cha namna hiyo. Alikishika, akakipulizia pale palipochubuka, na woga aliokaa nao muda wote ule akautafuta asiuone.

"Ni hiki tu?" aliuliza.

"Ni hiki tu. Ulidhani nimefuga nini?"

Mwokaji akaendelea kukishika, unga wa asubuhi bado uko kwenye kucha zake, na Fundi akaweka mkono juu ya kichwa chake. Baadaye aliutazama mguu wa zamani ulioegemea meza, mtupu, na kiatu chake.

"Tatizo sasa," alisema, "itabidi nitafute mahali pengine pa kuficha sindano."