Chotara wa Safu ya Kwanza

Bustani nzima ilimwita Shangazi, hata waliomzidi umri, lakini alikuwa shangazi wa damu wa mtu mmoja tu: karani wa sajili ya mimea, binti wa kaka yake. Binti huyo alijua kuita mitapo kwa majina kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mtapo ni mti wa kale, shina fupi nene, majani magumu kama ya mnazi yenye miiba pembeni. Hukua taratibu mno, na kila mmoja ama ni dume ama ni jike. Shangazi alikuwa ameitunza mitapo mia mbili na kumi kwa miaka thelathini na mmoja. Akianza kueleza habari zake, wageni wenye maneno mengi huishiwa.

Fahari yake ilikuwa jike la kwanza katika safu ya kwanza. Yeye mwenyewe ndiye aliyelitambua ujanani kuwa la aina iliyokwisha kutoweka porini, na mbegu zake zilikuwa zimepelekwa katika bustani saba za mbali.

Mwaka huo sajili ilihakikiwa upya, na karani akaanza na jike lile akidhani ndilo rahisi. Palipotakiwa mwiba mmoja, alikuta mitatu. Chini ya jani palikuwa na manyoya laini yasiyotarajiwa. Koni, lile bunzi kubwa la mbegu linaloota katikati ya majani, ilikuwa ya rangi ya chungwa badala ya nyekundu. Akahesabu upya siku nne. Kila alama iliangukia katikati ya aina mbili, kama mtoto aliyechukua paji la baba na kidevu cha mama.

Wiki nzima akawa anakwepa kunywa chai na shangazi yake, mpaka akaulizwa kama ameposwa kwa siri. Ndipo alipoketi naye akamweleza.

"Shangazi, jike la kwanza nadhani ni chotara."

Shangazi aliweka kikombe chini. Hakukunja uso.

"Umehesabu majani mangapi?"

"Arobaini."

"Yote ya upande wa jua? Kahesabu na ya kivulini. Miiba ya kivulini hudanganya."

Akahesabu, jibu halikubadilika. Shangazi akajifungia naye siku tatu katika chumba cha sampuli, miwani ikining'inia kwa uzi, majani makavu yametandazwa meza nzima. Karani alitegemea kumwona akilitetea jina lake. Badala yake alimwona akilipekua kama la mtu baki, akitafuta kila ushahidi wa kujiangusha. Siku ya tatu akamwita dirishani akamwonyesha majani ya miti miwili ya safu ya tatu, ambayo karani alikuwa ameipitisha bila shaka yoyote. Hiyo nayo ilikuwa chotara, watoto wa jike lile.

Shangazi alikiri bila kuzungukazunguka kwamba alipolitambua, lilikuwa halijawahi kutoa koni. Alikata shauri kwa majani peke yake, kwa haraka ya kuwa wa kwanza, na koni zilipokuja baadaye hakurudi kujihakiki.

Mkuu wa bustani alishauri sajili irekebishwe kimyakimya; chotara wa wazazi adimu bado ni hazina, na nani angejua? Shangazi alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Mficha uchi hazai," akasema, akaenda kuandika barua saba, kila moja kwa mkono wake na kwa jina lake.

Majibu yalikuja moja moja. La tano lilimfanya akae chini. Mtunza bustani mmoja aliandika kwamba mitapo yake ilitoa koni za rangi ya chungwa miaka sita iliyopita, ila aliona aibu kumsahihisha mtu kama yeye.

"Kumbe waliniheshimu mpaka wakaninyima ukweli," alisema Shangazi. Akamtazama binti wa kaka yake. "Wewe ulichukua wiki moja."

"Niliogopa, Shangazi."

"Najua. Safari ijayo chukua siku mbili."

Karani alicheka, machozi yakimlengalenga, na moyoni akajua kwamba hajawahi kumheshimu mwanamke huyu kama siku hiyo. Shangazi alikuwa ameshavaa glavu, anatafuta ngazi. Safu ya pili ilikuwa na miti ishirini na sita, na mengi ya majina yake alikuwa ameyatoa yeye.