Vidonge Vyeupe na vya Njano

Daktari aliyatazama majibu ya damu yangu, akasema nirudie vidonge vyeupe vya kushusha kolesteroli. Vya njano alikuwa ameniandikia miezi mitatu tu, vyeupe vilipoadimika.

"Vyeupe vinaniumiza mapaja," nikamwambia.

"Hayo maumivu ni uzee, mama."

Mwanangu aliyenisindikiza akanifinya mkono ninyamaze. Ninyamaze mimi? Miaka thelathini nakanyaga cherehani, na sijawahi kukata kitambaa bila kupima. Nikatoa mkobani karatasi ya patani ninayokatia nguo, nikaitandaza mezani kwake, juu ya mafaili na kila kitu. Kila siku nilichora kwa chaki mstari mmoja kwa kila suruali niliyoshona kabla mapaja hayajawaka moto. Upande wa vyeupe, mistari minne, mitatu, minne. Upande wa vya njano, kumi, kumi na moja.

"Na kolesteroli je?" nikamuuliza.

Akapekua majibu ya zamani na mapya. "Imeshuka sawasawa kwa vyote viwili. Ila umri, mama..."

Hapo nikamtolea uvivu. "Nilipomeza vyeupe nilikuwa na miaka sitini na mbili. Nilipomeza vya njano, sitini na mbili vilevile. Ni uzee gani huo unaokuja na kuondoka kwa kufuata rangi ya kidonge?"

Mwanangu akaniachia mkono. Daktari akavuta kalamu.

"Andika vya njano," nikasema, "na mwandiko usomeke."