Kava la Msumeno

Ijumaa mchana kuku wa Nyasuguta walikuwa wakinywa maji kwenye kava la msumeno. Kava lenyewe ni bati zito lililopindwa, na liliundwa kufunika meno ya msumeno wa umeme ili mkono wa mtu usiyafikie. Mumewe, fundi Mokaya, alilifungua siku ileile mashine ilipofika nyumbani kwao Oruba, mjini Migori, kwa sababu lilimzuia kuona mstari wake wa penseli. Alilipindua, akalijaza maji, akawawekea kuku. Kuku hawakulalamika.

Mwanzo wa wiki Mokaya hutengeneza vitanda, na mwisho wa wiki majeneza. Watu wa huku huzika Jumamosi. Mwili hutolewa mochari Ijumaa, na jeneza huagizwa Alhamisi jioni, wenye msiba wakishakubaliana. Mokaya naye ni Msabato. Jua likizama Ijumaa hagusi hata msumari. Kwa hiyo misiba ya mtaa mzima hubanwa kwenye saa chache za alasiri, na saa hizo fundi hana subira ya kufunga na kufungua kava. Ni mtu mwema, na hilo ndilo linaloudhi. Husali kwanza, macho yamefumbwa, halafu anawasha mashine ikiwa uchi.

Mwaka jana msumeno ulimkata vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Ilikuwa Ijumaa, jua likishuka. Nyasuguta alivifunga kwenye kitambaa safi akavizika chini ya migomba nyuma ya jiko.

Ijumaa iliyofuata vilitoka. Vilipita chini ya kamba ya nguo, kimoja nyuma ya kingine, vikafika penye kuku, vikangoja wamalize kunywa. Kisha vikamwaga maji yaliyobaki na kulikokota kava mpaka chini ya mashine. Spana ilikuwa palepale kwenye benchi, lakini vidole vitatu bila gumba haviwezi kukaza nati. Vilijaribu kwa muda, vikashindwa, vikarudi migombani. Mokaya aliliokota kava, akalisuuza na kuwarudishia kuku.

"Hivi vidole vilikuwa na bidii tangu zamani," alisema.

Tangu hapo vilikuja kila Ijumaa. Wateja walivikwepa ili wasivikanyage, wenye adabu wakavisalimu. Jumapili Nyasuguta alivikata kucha, maana kucha ziliendelea kuota na udongo wa migombani ni mwekundu.

Kwa kuwa mkono wa kushoto wa Mokaya haukuweza tena kushika mbao, aliyeshika sasa alikuwa binti yao, Joyline. Joyline ndiye mpiga kinanda wa kanisa lao, na hakuna mwingine anayejua. Mama yake alikuwa haangalii vidole vya bintiye vikikaribia msumeno. Akisikia mashine inalia, huingia jikoni na kuanza kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

"Baba Joyline, si urudishe tu hiyo kava? Mtoto ndiye anashika mbao siku hizi."

"Nitairudisha Jumapili."

"Hata ile ingine ulisema hivyo."

"Basi hii inakuja."

Jumapili ilikuja, na Mokaya akakumbuka kwamba kuku hawana chombo kingine.

Ijumaa aliyokuja Leonida stima ilipotea mfuniko wa jeneza ukiwa umebaki nusu. Leonida alikuwa mteja kutoka upande wa Rongo. Nduguye alikuwa amelala mochari, na gari la kumchukua lilikuwa langoni.

"Fundi, mochari wanafunga," alisema. "Nikichelewa atalala huko tena, na watu wameshachimba."

"Kidogo tu, mama. Hii stima hairingi sana, itarudi."

Mafundi wa mtaa huo, stima ikipotea, hawazimi swichi. Huiacha hivyohivyo, ili mashine ikinguruma wajue stima imerudi, wasipoteze hata dakika. Ni ujinga, na kila mmoja wao anajua ni ujinga. Joyline aliinama kupangusa unga wa mbao uliokuwa umeganda kwenye meno. Vile vidole vitatu vilikuwa vimeshafika na kava lao. Kimoja kiligonga kiatu chake, kikagonga tena.

"Ngojeni kidogo," Joyline aliviambia. "Nisafishe hapa."

Stima ikarudi.

Kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilianguka kwenye unga wa mbao. Leonida alivua kitambaa chake cha kichwa akaufunga ule mkono. "Pole, nyathina," alikuwa akisema, "pole, mwanangu," na machozi aliyomwekea nduguye yakamtoka hapo. Gari la jeneza likampeleka Joyline hospitali kwanza. Nyasuguta alilia njia nzima, zaidi kwa hasira. Mokaya alibaki kumalizia mfuniko, jirani akimshikia mbao, kwani marehemu hakuwa na kosa. Gari liliporudi jeneza lilikuwa tayari, na jua lilikuwa bado halijazama.

Kesho yake kanisa liliimba bila kinanda. Joyline alikaa kiti cha nyuma, mkono uliofungwa ukiwa mapajani. Gumba lake walilizika migombani, karibu na vya baba yake.

Ijumaa iliyofuata vilitoka vinne. Vilimwaga maji, vikalikokota kava, vikapanda nalo mguu wa benchi mpaka penye msumeno. Safari hii vilikuwa na gumba. Viliishika spana vizuri, vikaweka nati moja, ya pili, vikakaza, bila haraka. Nyasuguta aliacha sufuria jikoni akaja kusimama mlangoni. Meno yote yalikuwa yamefunikwa. Alipumua mpaka chini kabisa, kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana.

"Kumbe ni kazi ndogo hivi," alisema Joyline.

Nje gari lilipiga honi. Ulikuwa msiba mwingine, na watu walikuwa wamesimama kimya langoni wakimtazama fundi. Mokaya aliinama kutafuta mstari wake wa penseli. Hakuuona. Akatazama jua.

"Asanteni," aliviambia vidole, na alimaanisha.

Alichukua spana, akafungua nati ya kwanza na ya pili. Alilibeba kava mpaka uani, akalijaza maji. Kuku walikuja mbio kwa sababu walikuwa na kiu. Vile vidole vinne vilishuka kwenye benchi, vikarudi migombani kwa njia yao ya kawaida.

"Mama Joyline!" Mokaya aliita. "Njoo ushike mbao hapa, jua linaenda."

Nyasuguta alitazama watu wa langoni. Halafu alifuta mikono yote miwili kwa leso, kidole kimoja kimoja, akaenda kushika.