Mpunga wa Chumba cha Pili

Ijumaa saa tatu asubuhi Lois alifungua nyumba ya wageni karibu na Golbanti, akabadilisha mtungi wa gesi, akasuuza sufuria. Wageni wa nyumba ile hujipikia wenyewe. Kazi yake ni usafi na kuwaonyesha jiko linavyowashwa. Alipoingia chumba cha pili kufagia, alikuta mpunga umetoboa simiti, umefika magotini.

Akaweka ufagio, akaanza kung'oa magugu. Mto ulikuwa umefurika na kurudi, na maji yakirudi mpunga huota.

Ulianzia mlango wa bafu ukaishia katikati ya sebule, na ukingo wake umenyooka kama uliopigwa kamba. Hapo ndipo mpaka ulipopita zamani. Upande huu wenye mpunga lilikuwa shamba la marehemu mumewe, Gershom. Upande wa pili lilikuwa la shemeji yake, ambaye aliyauza yote mawili. Karatasi ya mauzo ina alama ya kidole gumba cha Gershom, ingawa siku ilipotiwa Gershom alikuwa na miaka miwili kaburini. Lois aliuliza kwa wanaojua mambo hayo. Wakamwambia karatasi ni karatasi.

Wageni walizoea kuuzunguka mpunga wakienda kuoga. Lois alipalilia kila Ijumaa, na masuke yalipotoka akawa anakuja kila siku kuamia ndege, kuwafukuza wasiule, maana walipitia dirishani.

Ulipoiva, mwenye nyumba, Bwana Reuben, alikuja kutoka Malindi na vijana wawili wenye mundu na magunia. Mgeni wa wiki hiyo, Christabel, alikuwa jikoni akikaanga mayai.

"Bwana Reuben," Lois alisema, "naomba nivune mimi. Shamba hili ni letu."

"Mama, kilicho ndani ya kuta zangu ni changu. Hata mjusi."

"Mjusi chukua, baba. Mimi nimeomba mpunga."

Christabel alicheka hadi yai likaungua. Akasema amemwona mama huyu akiamia ndege tangu alfajiri, lakini huyo mwenye nyumba yeye hajamwona akipunga hata mkono. Reuben alitazama saa yake. Hatimaye akasema utakaokuwa chini ya kitanda ni wa mama, kwa sababu vijana hawawezi kuinama huko.

Lois alimshukuru kwa mikono miwili. Alitandika kanga, akaingia kwa tumbo, akakata shina kwa shina kwa kisu cha jikoni. Vijana walijaza magunia tisa. Yeye alijaza kikapu kimoja.

Jumapili alipeleka malimbuko kanisani. Uliobaki aliutwanga, akapika wali, akala polepole. Ulikuwa na ladha ile ile ya zamani. Kabla ya kulala alipiga magoti, akamshukuru Mungu kwa wema wake wote, na hasa kwa kuwa kitanda kile kilikuwa cha watu wawili.